Buluu

Asubuhi niliikuta imeegemea ukuta wa mawe ya volkano
kama mtu aliyetapika usiku kucha:
buluu toka taa ya mbele hadi kibao cha namba,
buluu juu ya kiti, utando mkavu, chini bado tope.
Kopo halikuwepo.
Aliyemwaga aliondoka na kopo lake.
Rangi ni ghali, hata kwa mwenye hasira.

Majirani wa Majengo walileta ushauri kabla ya maji.
Petroli, alisema Baba Mumbere.
Thina, alisema kijana wa vocha, dakika mbili tu.
Fundi Kasereka akanishika kifundo cha mkono:
thina haijui kuchagua, Mama Kavugho,
italamba rangi ya adui na rangi ya kiwanda,
plastiki itabaki inanata kama gundi.
Chukua mafuta ya taa. Anza pasipoonekana,
chini ya kiti, upana wa kidole.
Ngoja. Tazama.

Nikaanza pasipoonekana.

Kitambaa kilikuwa kipande cha kitenge,
sare tuliyoshona mimi na Nsimire
kwa arusi ya mdogo wake.
Sikukichagua. Ndicho kilichokuwa karibu.

Wembe kwa vioo. Mswaki kwa mifereji ya tairi.
Sindano kwa tundu la ufunguo, taratibu,
kama kumtoa mtoto mwiba.
Kwenye saa ya kilomita buluu ilikuwa imemeza tarakimu;
nilikwangua kwa ukucha, ikatoka nne, ikatoka sifuri,
zikatoka safari zangu moja moja:
Kituku hadi Katindo, Katindo hadi Ndosho,
beseni la sambaza limefungwa nyuma kwa mpira,
vumbi jeusi likisaga meno yangu.

Zamani safari hizo tulizitembea wawili, mabeseni kichwani.
Mmoja aliita wateja, mwenzake akipumzisha koo.

Halafu likilimba. Wanawake kumi na wawili,
dola hamsini kila mwezi.
Zamu yangu ilikuwa ya tatu. Ya Nsimire, ya tisa.
Mwezi wa sita mtunza mfuko alivuka mpaka na mfuko,
hadi leo hata salamu.
Mimi nilikuwa nimeshanunua skuta.
Yeye alikuwa bado na beseni.

Mimi sikuiba kitu.
Nilisema hivyo kwa sauti, nikisugua,
na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Saa kumi nilikwenda bombani kunawa.
Nsimire alikuwa kwenye foleni,
mikono imefichwa ndani ya kanga yake,
jua lile lote, mikono ndani kama mwenye homa.
Bidoni yake ilipojaa ilimbidi aitoe.
Buluu chini ya kucha.
Buluu kwenye mkunjo wa kidole gumba.
Alikuwa amesugua kwa jivu:
ngozi imechubuka, rangi imebaki.

Maji yalifurika bidoni, yakapita kati ya miguu yetu,
na wanawake nyuma yetu walianza kupiga kelele,
funga bomba, nyinyi, maji si ya baba yenu.

Nilikuwa na ile chupa, mafuta ya taa robo tu.
Niliiweka juu ya kifuniko cha bidoni yake.
"Haya kwanza," nilisema, "sabuni baadaye.
Na usiguse thina."
Aliitazama chupa. Hakunitazama mimi.
Aliichukua.

Kesho yake, giza bado, niliwasha skuta.
Pembeni mwa taa kulibaki ukungu wa buluu
ambao mswaki haukuufikia,
kwa hiyo mwanga ulianguka juu ya mawe meusi
ukiwa na doa, kama jicho lenye mtoto wa jicho.
Nilipita mlangoni kwake polepole
kuliko mashimo ya barabara yalivyotaka.
Ndani kulikuwa na taa.
Nikapiga honi, mara moja, fupi,
nikaona aibu,
nikaongeza mwendo.